Sensa tatu za ABS na bolti moja iliyosahaulika

Jumapili usiku niliandikiwa na dada mmoja wa Moshi. Anauza gesi na mkaa Kiboriloni, anaendesha RAV4 ya zamani, ile tunayoiita Kill Time. Tatizo lake ni ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasigome kuzunguka ukikanyaga breki kwa nguvu. Nimemwomba ruhusa niweke maneno yake hapa na amekubali: "Habari dada. Taa ya ABS inawaka wiki ya tano sasa. Fundi ameshabadilisha sensa ya mbele kushoto, nimelipa. Taa ilizima pale gereji, kabla sijafika nyumbani ikarudi. Sasa anasema sensa ilikuwa feki, nimpe hela ya nyingine. Nimechoka. Nifanyeje?"

Nilisoma mara mbili, nikaweka simu kifuani. Maneno yale, "sensa ilikuwa feki, lete hela ya nyingine", niliambiwa mimi mwaka jana, karibu neno kwa neno, nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa gereji moja hapa Arusha na risiti mkononi. Nikamjibu mistari miwili: usinunue kitu chochote, nipe siku mbili. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyarefusha kwa ajili ya wengine, kwa sababu tuko wengi tunaolishwa na magari ya miaka ishirini.

Mnaonisoma siku zote mnajua kazi yangu ni vifaranga. Nawachukua Arusha alfajiri, nawapeleka Moshi, siku nyingine nafika Himo na Marangu. Boksi moja linabeba vifaranga 100, na Toyota Spacio yangu ya mwaka 2003, nikilaza viti vya nyuma, inabeba maboksi ya kutosha bila vifaranga kukosa hewa. Gari hilo limesomesha watoto wawili. Limenunua kiwanja Kisongo. Sipendi mtu aniambie "si uuze tu hilo ununue jipya", na najua hata wewe unayesoma hapa hupendi kuambiwa hivyo. Unataka gari ambalo limeshalipwa, ambalo mlio wake unaujua, lifanye kazi miaka mingine saba huku hela ikienda kwenye mambo ya maana. Basi itakubidi ulijue gari lako kuliko anavyolijua fundi. Hapo ndipo mimi niliposhindwa, na nililipia.

Mwezi wa pili mwaka jana nilibadilisha shokapu za mbele, zote mbili. Gari likatulia, nikashukuru, nikasahau. Siku kama tisa baadaye, niko mjini, nimezunguka kipilefti cha Mnara wa Saa, taa ya njano ya ABS ikawaka. Nilipozima gari na kuwasha tena ikatoweka. Kesho yake asubuhi natoka nyumbani Sakina, hakuna taa. Nafika mjini, nazunguka kipilefti, hiyo hapo. Ikawa hivyo kila siku ya Mungu. Nikajiambia labda ni moto wa injini, gari likishachemka kidogo ndipo ugonjwa unapojitokeza.

Kikumbuke hicho kipilefti. Jibu lote lilikuwa pale, na mimi nililizunguka kila asubuhi bila kuliona.

Nilipelekwa kwa kijana mwenye kompyuta ya kupimia magari, 30,000. Ikasoma namba ya hitilafu C0205, mbele kushoto. Fundi wangu akasema, "Mama, kompyuta haidanganyi, sensa imekufa." Nikanunua ya mtumba kwa 70,000, ufundi 15,000. Taa ikazima. Wiki mbili na nusu zikapita, ikarudi, namba ileile. Akasema ya mtumba ilikuwa imechoka. Nikaagiza mpya kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi, 160,000, ufundi tena 15,000. Nikakaa kwa amani siku kumi na nane, kisha taa ikawaka tena, na fundi akasema maneno yale: ilikuwa feki. Jumla 290,000. Kwa mtu anayepata faida ya mamia kwenye kifaranga mmoja, piga hesabu mwenyewe ni vifaranga wangapi hao.

Sehemu inayofuata naiandika kwa uchungu, na ningependa uisome taratibu.

Fundi alinitazama kwa huruma, na hadi leo naamini huruma ile ilikuwa ya kweli. Akasema, "Mama, hii ABS ni mambo ya magari mapya. Breki zako si zinashika? Tuizibe hii taa, ufanye kazi zako kwa amani." Akafungua dashibodi, akabandika tepu nyeusi nyuma ya ile alama. Dakika ishirini. Hakunitoza hata shilingi. Na mimi nikamshukuru.

Mambo ya magari mapya! Kampuni ya Bosch ilianza kufunga ABS ya kielektroniki kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978. Mimi nilikuwa sijazaliwa, na fundi yule ni mdogo kwangu. Lakini siku ile sikulijua hilo, wala sikujua ABS inafanya kazi gani hasa. Nilichojua ni kwamba kuna taa, na taa inanikera, na sasa imezimwa.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Aprili, masika yamekolea. Nilikuwa na maboksi sita. Nilipopita Boma Ng'ombe mvua ilikuwa manyunyu, yale yanayoloanisha lami bila kuiosha, na kila dereva wa njia hii anaijua lami ya namna hiyo. Nikaanza kushuka kuelekea daraja la Kikafu. Mbele yangu lori, mbele ya lori bodaboda aliyepakia ndizi. Bodaboda akayumba, lori likafunga breki, na mimi nikakanyaga yangu kwa nguvu zote.

Matairi yaligoma kuzunguka. Gari likaendelea kwenda, kimya, kama sinia juu ya meza iliyomwagikiwa maji. Nilikata usukani kushoto nilikwepe lori. Usukani ulikata, gari halikukata. Tairi lililofunga haliongoziki, linateleza kule linakoelekea tu, na linakoelekea kulikuwa ni nyuma ya lori. Sijui ni nini kilichonifanya niinue mguu. Niliinua kidogo tu, matairi yakashika, gari likaruka kushoto, likatoka kwenye lami na kugonga ukingo wa udongo.

Taa ya kushoto ilivunjika, bampa likapasuka. Mimi nilitoka mzima. Maboksi mawili yalifunguka na vifaranga wakatawanyika humo ndani na wengine nje mlangoni, kwenye tope, kwenye mvua, wakilia. Watu wa pale walinisaidia kuwaokota, akina mama wawili waliwabeba kwenye kanga zao. Thelathini na wanane walikufa. Ule mlio wao bado naujua.

Askari wa usalama barabarani alikuja akakagua, akaniuliza kwa upole, "Mama, breki zako zinafanya kazi?" Nikasema zinafanya. Na kweli zilifanya kazi. Zilikamata matairi na kuyang'ang'ania, kwa sababu kile kinachoziambia legeza, kamata, legeza, kamata, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kilikuwa kimejizima, na taa ya kunionya kwamba kimejizima niliizibisha mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mteja niliyekuwa nampelekea mzigo ule hajanipigia simu tena hadi leo. Na shemeji yangu mmoja alisema mezani, mbele ya watoto wangu, kwamba barabara ile haitaki wanawake. Sikumjibu. Usiku ule nilianza kusoma.

Wiki nzima ya kusoma kwa simu sitawasimulia. Aliyenifungua macho ni mwanangu, wakati huo yuko kidato cha nne. Nilimwonyesha mchoro wa sensa akasema, "Mama, hii si ni koili na sumaku tu? Tumesoma." Akachukua kalamu akanichorea. Ndani ya sensa ya gari la umri wa langu kuna sumaku ndogo iliyozungushiwa waya mwembamba. Mbele yake, kwenye sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozunguka pamoja na tairi, kuna pete ya chuma yenye meno, kwangu ni 48. Kila jino likipita mbele ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya. Tairi likiongeza kasi, meno yanapita haraka na umeme unapanda na kushuka haraka. Kompyuta ya ABS inahesabu hayo kwa matairi yote manne na kuyalinganisha. Moja likikaribia kusimama wakati mengine bado yanazunguka, inajua linateleza, inalegeza breki ya tairi hilo peke yake. Sensa moja ikinyamaza, kompyuta haiwezi tena kulinganisha, kwa hiyo inazima mfumo mzima na kuwasha taa, na unabaki na breki za kawaida.

Mimi nikamuuliza: koili si ni waya? Akasema ni waya. Na waya si unapimika? Akacheka. Kesho yake nilinunua testa ya tarakimu, ya bei ndogo kabisa, 25,000. Kwa siku zote zile nilikuwa nimelipa watu wanisomee namba ya tairi, na hakuna hata mmoja aliyeushika huo waya akaupima.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala hii, na nitalirudia hadi mnichoke. Ile namba inakutajia tairi. Haikutajii kifaa. C0205 inasema habari kutoka mbele kushoto hazifiki. Zinaweza kukwama kwenye sensa, kwenye waya, kwenye plagi, kwenye meno ya pete, au kwenye beringi iliyolegea hadi sensa na meno vikaachana. Anayekuambia "kompyuta imesema sensa" amesoma nusu na kukisia nusu, na hela ya kukisia inatoka mfukoni mwako.

Jumamosi tukaanza kazi uani. Gari tambarare, gia kwenye P, hendibreki juu, mawe nyuma ya matairi ya nyuma, jeki, halafu stendi za chuma chini ya chasisi. Tafadhali usiingize kichwa wala mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tukatoa tairi la mbele kulia kwanza, upande mzima, ili nijue afya inaonekanaje. Plagi ya sensa kwenye gari langu iko nyuma ya ile plastiki ya ndani ya madigadi. Nikaichomoa, nikaweka testa kwenye omu, yaani kupima ukinzani wa waya, kipimo cha 20k, ncha mbili kwenye pini mbili za upande wa sensa. Ikasoma 1.52, yaani omu 1,520. Nikahamia kushoto, kwenye ile "feki" ya 160,000. Ikasoma 1.49.

Nilikaa chini. Sensa niliyoambiwa imekufa ilikuwa hai.

Mwanangu akasema labda testa ni mbovu. Mimi nikakumbuka kipilefti. Nchi yetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukizunguka kipilefti unakata usukani kulia, muda mrefu, mfululizo. Nikamwambia apande garini, afungue ufunguo usukani uachie, akate kushoto hadi mwisho. 1.49. Rudisha katikati. 1.49, namba zikacheza kidogo. Sasa kata kulia, polepole. Nikiwa nimezikazia macho zile tarakimu, karibu na mwisho wa usukani zikatoweka, ikabaki 1 peke yake pembeni ya kioo, alama ya kwamba waya umekatika. Rudisha. 1.49. Kulia. 1. Tulirudia kama mara saba, si kwa sababu tulihitaji, ila kwa sababu nilikuwa natetemeka na nilitaka kuona tena.

Nikaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye habu, kitovu cha tairi, kwenda juu. Kwenye mwili wa shokapu kuna mahali ambapo waya wa sensa na mpira wa breki vinafungwa kwa kishikio cha bati na bolti moja, ili usukani unapogeuka vifuate bila kuvutwa. Ile bolti haikuwepo. Aliyefunga shokapu mwezi wa pili hakuirudisha. Alifunga kishikio kwa ukanda wa mpira wa tyubu, ukalegea, na tangu hapo kila nilipokata kulia waya ulivutwa kama kamba ya ng'ombe. Nyuzi za shaba ndani zilikatika moja moja huku ganda la nje likibaki zima, jeusi, safi, halionyeshi kitu. Sensa ya kwanza ilikatika hivyo. Ya mtumba ikakatika hivyo. Mpya ikakatika hivyo. Hakuna iliyokuwa feki. Ziliuawa, zote tatu, na muuaji alikuwa bolti isiyozidi mia tano dukani. Na mpira wa breki, jamani, ulikuwa unaning'inia pamoja nao. Kila nikifikiria hilo napata baridi.

Fundi aliyefunga sensa zile mbili alikuwa anautazama ule ukanda wa tyubu uso kwa uso. Mara mbili. Sijawahi kurudi kumwambia, na nadhani hiki ndicho kinachonichoma zaidi, kwamba sikurudi.

Sensa ya nne nilinunua ya mtumba, na sikununua kama zamani. Nilifika dukani na testa yangu kwenye mkoba. Mangi mwenye duka akaleta tatu juu ya kaunta. Nikazipima pale pale: moja haikusoma kitu, moja 1.5, moja 1.47 lakini ukikunja waya karibu na shingo inapotea. Wateja wengine walinyamaza wakitazama. Nikachukua ya katikati, 65,000, na mangi akaniomba nimpimie zilizobaki kwenye boksi. Kutoka siku hiyo ananiita "mama testa", na naipenda ile heshima.

Kufunga hakukuwa na maajabu. Tundu nililisafisha kwa brashi, maana ncha ya sensa ni sumaku, inakusanya unga wa chuma wa breki kama ndevu. Sensa ikikwama kwenye habu kwa kutu usiipige nyundo kichwani, itavunjikia ndani. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, izungushe kushoto na kulia. Waya nikaupitisha kwenye njia yake, vishikio vyote, bolti mpya. Kisha nikamwambia mwanangu akate usukani huku na huku, na mimi nikautazama ule waya ukifuata bila kuvutika. Mwisho nikaweka gia N, testa kwenye volti za AC, kipimo kidogo, nikazungusha habu kwa mkono. Namba zikapanda kadiri nilivyozungusha haraka. Ule ni umeme uliotoka mkononi mwangu.

Tepu nyeusi niliitoa siku hiyo hiyo. Nikawasha gari, taa ya ABS ikawaka sekunde chache kama inavyotakiwa, ikazima. Nikaenda mjini. Nikazunguka kipilefti mara tatu. Haikuwaka. Jioni nikaenda Kisongo, kwenye uwazi wenye changarawe hakuna mtu, mwendo wa 30, nikakanyaga breki hadi chini. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, ikinguruma, na nikakata usukani kushoto na gari likaenda kushoto. Niliegesha nikalia.

Kwa wenye Toyota za umri huu, hata ile 30,000 ya kusomewa namba mnaweza kuiokoa. Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16. Kwenye nyingi za Toyota za miaka ile, ukiunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya kisha ukafungua ufunguo bila kuwasha injini, taa ya ABS inaanza kupepesa, na taa nyingine nazo zitapepesa, usishtuke. Hesabu: mara tatu, kituo, mara moja ni 31, mbele kulia. 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ikipepesa haraka bila vituo, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Tundu la 16 usiliguse kabisa, lina umeme wa betri moja kwa moja. Ukishatengeneza, waya ukiwa bado pale, kanyaga breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano na namba inafutika. Lakini kama taa yako imezibwa kama yangu, hutaona kitu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiziba.

Onyo moja. Magari mapya zaidi yana sensa za aina nyingine, zinazolishwa umeme na kompyuta, na pengine hazina meno ya chuma bali pete ya sumaku iliyofichwa kwenye beringi. Hizo hazipimwi kwa omu. Na kama taa ya njano ya ABS imewaka pamoja na ile nyekundu ya breki wakati hendibreki imeshushwa, usisome makala, simamisha gari, angalia mafuta ya breki, muite fundi.

Wapo madereva wataniandikia kwamba kwenye changarawe ABS inachelewesha gari kusimama. Ni kweli. Tairi lililofunga linajichimbia kwenye changarawe na kusimama mapema kidogo. Lakini nionyeshe dereva aliyechagua changarawe siku ya ajali yake. Mimi siku yangu ilinikuta kwenye lami yenye manyunyu, na kilichokosekana hakikuwa mita mbili za kusimama, kilikuwa usukani.

Na nyinyi mafundi, ndugu zangu, najua mnasoma. Sisemi ninyi ni wezi. Nasema mnafanya kazi haraka kwa watu wasiouliza. Basi tutauliza. Ukifungua kishikio, kirudishe. Ukibadilisha spea na ikafa baada ya wiki tatu, usiseme feki kabla hujajua kilichoiua. Na mteja akikuomba uzibe taa, mkatalie, hata akikasirika, hata akienda gereji ya jirani. Ningekuwa nimekataliwa siku ile ningenuna, ningesema maneno, halafu ningefika Moshi na vifaranga 600.

Nasi wateja tuache kusimama pembeni na simu wakati gari liko juu ya jeki. Simama karibu. Uliza huu waya unatoka wapi, unakwenda wapi. Nunua testa. 25,000, jamani. Mtu anavaa kitenge cha bei hiyo harusi moja.

Turudi kwa dada wa Kiboriloni. Nilimpigia Jumanne kabla sijamwandikia, kwa sababu kuna neno lake moja lilinikaa kichwani: "kabla sijafika nyumbani ikarudi". Waya unaokatika taratibu kama wangu hukupa siku za amani. Wake haukumpa hata nusu saa. Nikamuuliza, kabla taa haijawaka mara ya kwanza, wiki tano zilizopita, gari liliguswa wapi? Akafikiri. Akasema ah, sivi jointi ya kushoto, ilikuwa inalia kak-kak-kak akikata kona, ikabadilishwa. Nikamwambia ashike tochi, akate usukani hadi mwisho, achungulie nyuma ya diski upande wa kulia, aone pete yenye meno. Kisha aende kushoto.

Sivi jointi za aina moja ya gari zinauzwa za aina mbili, zenye pete ya ABS na zisizo nayo. Zinaingia sawasawa, zinafungwa sawasawa, gari linatembea sawasawa.

Jana saa mbili usiku alinitumia picha mbili. Ya kulia, meno yamejipanga, yana grisi na vumbi jekundu. Ya kushoto, chuma kipya, kinang'aa, laini pande zote kama kitako cha sufuria.